Wanawake wasio na mimba nao wapimwe damu

Mhariri,

Mjamzito akifika kliniki kwa hudhurio la kwanza huchomwa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipimo, na namba huandikwa kwenye kadi yake. Anaondoka na vidonge vya kuongeza damu mkononi. Akishajifungua na kumaliza siku zake za kliniki, namba ile haiandikwi tena mahali popote mpaka abebe mimba nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, muuza samaki wa miaka 38 ambaye hedhi yake huchukua siku tisa, mama wa miaka 46 mwenye uvimbe kwenye kizazi: hawa wote hupoteza damu kila mwezi, na katika zahanati zetu hakuna dirisha hata moja ambalo kazi yake ni kuwauliza damu yao ni kiasi gani.

Redio za asubuhi na kurasa za afya, hizi zako zikiwamo, huwahimiza wanawake wajitunze. Wanywe maji, walale mapema, wafanye mazoezi, wapunguze mawazo. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila mwanamke mwenye HB (kiasi cha himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu) ya 8 hata akilala kwa muda wa saa kumi ataamka amechoka, kwa sababu kinachopungua mwilini mwake si usingizi. Ni madini ya chuma, na hayo yana hesabu yake.

Kwa mwanamke mzima asiye na mimba, himoglobini inatakiwa iwe gramu 12 au zaidi kwa desilita moja ya damu. Chini ya hapo ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Kwa mjamzito kipimo cha kawaida cha kliniki ni 11, na akishuka chini ya 7 yuko hatarini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 42. Miaka yote hiyo, tumesogea pointi tatu. Mkutano wa Afya Duniani wa 2012 uliweka lengo la kupunguza tatizo hili kwa nusu ifikapo 2025. Halikufikiwa, na tarehe imesogezwa hadi 2030.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa si ngeni na mwongozo upo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya wanawake wana upungufu wa damu, wanawake na wasichana walio katika umri wa hedhi wapewe miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka, hata kama hawana mimba. Kwa takwimu zetu wenyewe, sisi tumo. Lakini nenda kaulize vidonge hivyo kwenye zahanati ukiwa huna tumbo, uone utakavyotazamwa.

Tatizo moja linaanzia kwenye lugha. Mwanamke anainuka haraka kutoka kwenye kigoda, macho yanaingia giza, na jirani anamwambia presha imeshuka. Anapewa soda, au maji yaliyokorogwa chumvi. Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. HB ni wingi wa kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu. Mtu anaweza kuwa na presha ya 120 kwa 80, nzuri kabisa, huku HB yake ni 7. Chumvi haimsaidii kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia umeshuka, muulize ni kipi kilichoshuka, na ni ngapi.

Dalili za damu kupungua huja polepole kiasi kwamba mwili unazizoea. Kilima ambacho mtu alikuwa anakipanda na ndoo kichwani sasa kinamtaka apumzike mara mbili. Moyo unapiga mbio akiwa amekaa tu. Kichwa kinauma upande wa jioni, nywele zinanyonyoka, miguu haitulii usiku. Halafu kuna tamaa ya vitu visivyo chakula: barafu, mchele mbichi, na udongo. Zile pemba zinazopangwa kwenye masinia sokoni tumezichukulia kama mchezo wa wajawazito. Si mchezo. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kushika chuma cha chakula tumboni na kukizuia kuingia mwilini, mbali na mayai ya minyoo yanayoweza kuwamo. Kumgombeza mtu hakumwachishi. Mpe chuma, na mara nyingi tamaa hupotea ndani ya wiki chache, kabla hata HB haijapanda vizuri.

Kuvuta kope la chini na kutazama wekundu wake, kama sisi madaktari tunavyofanya vyumbani mwetu, kunasaidia kumkamata aliyeishiwa sana. Mwenye 10 atapita kope lake likionekana jekundu. Lazima kidole kichomwe.

Sasa hesabu yenyewe. Kila mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Mwili hauna njia ya kutengeneza chuma, na kwa chakula chetu cha nafaka na maharage hufyonza miligramu moja, ikizidi sana mbili, kwa siku. Karibu miligramu moja hupotea kila siku bila hedhi, kwa chembe za ngozi na za utumbo zinazokufa. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40, yaani miligramu 15 hadi 20 za chuma kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 30, mwanamke huyo anahitaji kama miligramu moja na nusu kwa siku. Anapita kwa tabu, lakini anapita. Mwenye hedhi ya mililita 120 anapoteza miligramu 60 kwa mwezi. Mahitaji yake yanakaribia miligramu tatu kwa siku, na hakuna sahani ya ugali na mchicha itakayozileta. Kila mwezi anaingia kwenye deni. Akibeba mimba, ambayo yenyewe inataka kama gramu nzima ya chuma hadi mwisho, anaanza akiwa tayari anadaiwa. Ndiyo maana kumsubiri mpaka apate mimba ndipo tumpime ni kuchelewa.

Hedhi ikipita mililita 80 tunaiita nyingi, ila hakuna anayeikinga kwenye kikombe. Hesabu pedi. Pedi ya kawaida iliyolowa yote hubeba kati ya mililita 5 na 15 kutegemea ukubwa wake. Ukibadilisha kila baada ya saa moja au mbili kwa sababu imejaa, ukiamka usiku kubadilisha, ukitoa mabonge yenye upana unaozidi sentimita mbili na nusu, au damu ikiendelea kupita siku saba, hiyo ni nyingi, hata kama mama yako na dada zako wote wako hivyo. Hasa kama wako hivyo, maana ndivyo familia nzima inavyojifunza kuiita kawaida. Anayetumia vitambaa vya kanga avikunje kwa namna ile ile kila mara, tabaka zile zile, la sivyo hesabu haina maana. Aandike kwa miezi miwili: tarehe ya kuanza, idadi ya mchana, idadi ya usiku. Karatasi hiyo akiileta kwa daktari inafanya kazi kuliko maneno "natoka sana".

Na damu nyingi ina dawa. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, ikianza siku ya kwanza, hupunguza maumivu na wingi wa damu pia. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala mwenye mimba. Traneksami asidi, gramu moja mara tatu kwa siku kwa siku nne za damu nyingi, hupunguza zaidi, lakini inaandikwa na daktari kwa sababu haimfai aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa. Upande wa uzazi wa mpango kuna jambo linalosahaulika dirishani. Kitanzi cha shaba ni kizuri na kinakaa miaka mingi, lakini huongeza damu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye HB ya 9 na hedhi nzito angeambiwa hivyo kabla ya kukichagua. Kitanzi chenye homoni hufanya kinyume, hupunguza damu sana, ila bado si kila kituo kinacho.

Nije jikoni, maana huko ndiko chuma kingi kinakopotelea hata kama mtu hali kidogo.

Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kukata ufyonzaji wa chuma cha maharage na mboga kwa zaidi ya nusu. Tanini iliyomo hukishika chuma na kutoka nacho. Kahawa nayo inakata, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko chai. Hakuna haja ya kuacha chai, na mimi sitamwambia mtu wa nchi hii aache chai. Tenganisha tu. Maharage mchana, chai baada ya muda wa saa moja au mbili. Chai ya asubuhi na maandazi haina hasara kubwa, kwa kuwa maandazi yenyewe hayana chuma kingi cha kupoteza. Hasara iko kwenye kikombe kinachosindikiza wali na maharage usiku, na kubwa zaidi iko kwenye kidonge cha damu kinachomezwa kwa chai.

Upande wa pili ni vitamini C, inayokifungua chuma cha mimea ili kiingie. Lakini haipendi moto. Ndimu iliyochemshwa na mchuzi kwa nusu saa imebakiza ukali tu. Kamulia kwenye sahani, sufuria ikishaepuliwa. Kachumbari ya nyanya mbichi na pilipili hoho iliyokamuliwa ndimu, ikikaa kando ya maharage, si pambo. Ndiyo inayoamua kama maharage yale yatakuwa damu au yatapita. Embe, chungwa, pera au papai mara baada ya kula hufanya kazi ile ile.

Nafaka na maharage yana faiteti, kitu kingine kinachofunga chuma. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji kunaipunguza, tena kunaokoa mkaa. Uji uliochachushwa, kama bibi zetu walivyoufanya, ni bora kuliko uji wa papo kwa papo kwa sababu hiyo hiyo. Hapa kuna kinachowachanganya wengi: dona ina chuma zaidi kuliko sembe, lakini ina faiteti zaidi pia, kwa hiyo kuhamia dona peke yake hakutapandisha HB ya mtu. Dona ina faida zake nyingine.

Nyama, samaki na maini vina chuma cha aina nyingine, kinachoingia mwilini kwa urahisi bila kujali chai sana, na kipande kidogo cha nyama huvuta chuma cha maharage yaliyo pembeni yake kiingie nacho. Hii ndiyo habari njema kwa asiye na pesa ya kilo. Konzi moja ya dagaa ndani ya sufuria ya maharage au matembele inabadilisha sufuria nzima. Matembele peke yake, pamoja na sifa zake zote, hutoa chuma kidogo mno kinachofika kwenye damu.

Juisi ya rozela, bitiruti, soda nyeusi iliyochanganywa na maziwa: vyote hivi vimepewa kazi ya kuongeza damu kwa sababu ya rangi. Rozela na bitiruti ni vinywaji vizuri, nivitetee hapo. Lakini chuma chake ni kidogo, rozela ina tanini zake, na maziwa yana kalisi inayozuia chuma. Soda na maziwa ni sukari na kizuizi katika bilauri moja. Dawa za maji tamu zinazouzwa kwa jina la kuongeza damu nazo zisomwe lebo kabla ya kulipiwa. Tafuta palipoandikwa chuma halisi ni miligramu ngapi kwa kijiko. Zipo ambazo utahitaji vijiko vingi ili ulingane na kidonge kimoja cha bei ndogo.

Kidonge hicho cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina miligramu 60 hadi 65 za chuma halisi. Zamani tuliandika vitatu kwa siku, na wengi bado wanaandika hivyo. Kwa mwanamke asiye na mimba mwenye upungufu wa kawaida, kimoja kinatosha, tena kwa wengine siku moja ndiyo siku moja hapana. Sababu ni homoni iitwayo hepsidini, inayotengenezwa na ini. Ukimeza chuma, hepsidini hupanda na kufunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima. Kidonge cha pili na cha tatu vinakuta mlango umefungwa, vinabaki tumboni vikileta kichefuchefu na kufunga choo, na mgonjwa anaacha dawa zote wiki ya pili. Huu ndio mwisho wa matibabu mengi: dozi kubwa iliyomshinda mtu. Mjamzito afuate alichoandikiwa kliniki, yeye mahitaji yake ni tofauti.

Kimezwe asubuhi kabla ya kula, kwa maji au juisi ya chungwa. Kisimezwe kwa chai wala maziwa, wala pamoja na vidonge vya kalisi au vile vya kutafuna vya kiungulia. Tumbo likikataa, bora kimezwe usiku pamoja na chakula kidogo kuliko kuachwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo halina shida. Shida ni choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hasa kwa mtu ambaye hatumii chuma. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, huenda anavuja damu tumboni.

Baada ya wiki nne HB inatakiwa iwe imepanda kwa gramu 1 hadi 2. Ikifika 12, hapo ndipo watu wanapokosea, wanasimama. Damu imejaa lakini ghala ni tupu. Vidonge viendelee miezi mitatu mingine, la sivyo hedhi mbili tatu zitamrudisha alikotoka. Na isipopanda hata gramu moja baada ya wiki nne za kumeza kweli kweli, tatizo si dozi. Aangaliwe sababu.

Mambo matatu ya usalama nisiyaruke. Vidonge vya chuma vimepakwa rangi na utamu kwa juu, vinafanana na pipi, na mtoto mdogo akimeza kiganja kimoja anaweza kufa. Vikae juu, kwenye kopo lenye kifuniko, si chini ya mto. La pili, mwenye selimundu, au aliye na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo na hajapimwa, asianze chuma kwa kujinunulia. Damu yake inapungua kwa kuvunjika, na huenda chuma anacho cha kutosha. La tatu, foliki asidi ile ya miligramu 5, inayopatikana kirahisi madukani, isitumiwe na mjamzito anayepewa SP ya kuzuia malaria kliniki, kwa sababu dozi hiyo kubwa huipunguza SP nguvu. Kiasi cha miligramu 0.4 kilicho ndani ya vidonge vya kliniki hakina tatizo hilo.

Kuhusu sababu nyingine nitapita haraka. Kiswahili kina neno safura, na neno hilo limebeba elimu: linaunganisha minyoo na kupauka kwa mtu. Mnyoo wa safura huingia kwa ngozi ya mguu na kunyonya damu ukutani mwa utumbo. Anayelima mpunga peku ameze albendazoli miligramu 400 mara moja, isipokuwa miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Kichocho huvujisha damu kwenye mkojo au choo. Kuna malaria, kuna VVU, kuna uvimbe wa kizazi ambao hakuna kidonge cha chuma kitakachouondoa. Aliye chini ya 7, au anayehema akiwa amekaa na miguu imevimba, hilo si suala la chakula tena. Aende hospitali.

Sasa kwa nini nasema hili ni suala la haki na si la ushauri tu? Tazama sinia. Kuku akichinjwa, firigisi ina mwenyewe, na mwenyewe si mama. Maini yakinunuliwa robo, yanakwenda kwa baba na mgeni. Mpishi anakula mwisho, anakula mchuzi. Ukimwambia mwanamke huyu ale nyama, umemwambia jambo ambalo haliko kwenye uamuzi wake. Ushauri wa lishe unatakiwa umfikie anayegawa, na kliniki inayojiita ya baba, mama na mtoto ina nafasi ya kumwambia baba kwa namba: mke wako ana 9, wewe una 14, firigisi ihame.

Tazama unga. Tangu 2011 kanuni zinataka viwanda viongeze chuma kwenye unga wa ngano na mahindi. Unga wa kiwandani unaliwa na wa mjini mwenye pesa. Wa kijijini anapeleka debe lake mashine ya mtaani, na huko mahindi hutoka kama yalivyoingia. Anayehitaji zaidi ndiye asiyefikiwa. Tazama pedi: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Mwenye hedhi nzito ndiye anayelipa kodi hiyo mara mbili ya mwenzake. Tazama na saa. Zahanati ya serikali inafanya kazi saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, muda ule ule ambao muuza mboga yuko sokoni. Kwenda kupimwa ni kupoteza mauzo ya siku kwa ajili ya uchovu ambao hata yeye hauiti ugonjwa.

Kipimo chenyewe si kigumu, ila kinaharibika kirahisi. Mkono wa baridi ukiminywa sana hutoa maji ya mwilini pamoja na damu, na 12 inasomeka 10. Tone la kwanza lifutwe, lichukuliwe la pili au la tatu linalotoka bila kukamuliwa. Povu la hewa ndani ya kishikio, kile kipande kidogo cha plastiki kinachopokea tone la damu, huharibu namba. Kopo la vishikio likiachwa wazi kwenye unyevunyevu wa pwani au wa ziwa, vinaharibika kabla ya tarehe yake. Haya ni mambo ya mafunzo ya asubuhi moja. Ninachoomba kwa wizara na halmashauri ni vishikio vya kutosha, visihesabiwe kwa idadi ya wajawazito peke yake, na vidonge hivyo hivyo tunavyovitoa kliniki viruhusiwe kutolewa kwa mwanamke yeyote aliyepimwa akakutwa chini ya 12.

Wala hatuhitaji kujenga dirisha jipya. Anayekuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango anarudi kila baada ya miezi mitatu. Anayechukua dawa za kufubaza VVU ana tarehe zake. Shule zinafikiwa kwa chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Na mama wengi nchini huja na mtoto wa miezi tisa kwa sindano ya surua, kisha humrudisha akiwa na miezi 18. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa, anaandikiwa. Mama amekaa pale pale kwenye benchi, kamshika miguu asirushe. Kabla hajanyanyuka, naye achomwe kidole, namba iandikwe kwenye kadi ya mtoto, upande wa nyuma, hata kwa kalamu ya risasi.

Daktari wa magonjwa ya wanawake,
Mwanza